Bakuli la Majani Mabichi

Drusilla mke wa Alfayo alipenda kuonekana. Tuliseme hili mapema, kwa sababu wanaomsifu siku hizi hulisahau. Akipata kitambaa kipya cha meza, hata mtu wa mlima wa pili atajua kabla ya jioni. Hakuwa mtu mbaya, la. Alikuwa mchapakazi, na mkono wake haukujua kunyima. Ila sifa zilimlevya, na mwenye kulewa haangalii anapokanyaga.

Mwaka wa 1967 alikwenda misheni kwa mafunzo ya akina mama, wiki tatu nzima. Akarudi Gesima na daftari, kisu kikali na jambo jipya: saladi. Mboga zinachumwa shambani zikiwa changa, zinaoshwa, zinakatwakatwa, zinakamuliwa ndimu na kunyunyiziwa chumvi, kisha zinaliwa vivyo hivyo, bila kuonja moto.

Kwa watu wa Gesima wa wakati ule, jani lisilopikwa lilikuwa la mbuzi. Mboga kwao ilikuwa chinsaga, majani machungu yanayochemshwa mpaka yasalimu amri, yakatiwa maziwa na kulala chunguni hadi kesho yake. Drusilla alilijua hilo vizuri, naye akanyamaza. Nyuma ya jiko alipanda saladi ya majani, karoti, nyanya na vitunguu. Mvua za masika zikaja, na kufikia Mei kishamba kile kilikuwa kimependeza hata wapita njia wakasimama. Mama mkwe wake, Bosibori, aliyekaa nyumba ya pili kwenye boma hilohilo, alikuja akatazama, akashika jani moja kwa vidole viwili.

"Hii ni kabichi gani isiyojikunja?" aliuliza.

"Ni ya kizungu, Mama. Utaionja."

Hakumwambia zaidi. Alitaka kumshangaza pamoja na wageni.

Wageni wenyewe walikuwa Tryphosa, kiongozi wa akina mama wa kanisa, na wanawake wanne kutoka Nyaramba. Walikuwa waje Sabato, baada ya ibada, kula chakula cha mchana. Ilisemekana Tryphosa anatafuta mtu wa kuzunguka makanisani kufundisha mapishi, na Drusilla aliposikia hivyo alijiona tayari amesimama mbele ya watu na daftari lake. Saladi ilikuwa kama imetungwa kwa ajili ya Sabato. Tangu jua la Ijumaa linapozama, nyumba ile haikuchuma, haikuteka maji wala kuwasha moto wa kupika. Basi majani yangechumwa na kuoshwa Ijumaa mchana, yafungwe kwa kitambaa kibichi na kulazwa ndani ya chungu. Siku ya pili ni kukata tu.

Lakini Ijumaa hiyo ilikuwa zamu yao ya kupeleka majani ya chai. Alfayo alikuwa na chai nyingi ambayo hakuwahi kuinywa hata kikombe, kwa vile kanisa lao halikuipenda. Aliipanda, akaichuma, akaiuza, na yeye akanywa uji. Drusilla alibeba kapu hadi kituo cha kupimia chai, akapanga foleni. Mvua ikanyesha. Lori likanasa kwenye matope huko chini, na karani akasema hapimi jani hata moja mpaka lori lifike. Kuacha chai pale ilikuwa kuiacha iharibike. Akangoja, macho yakiwa kwa jua.

Alipofika nyumbani, jua lilikuwa limeegemea mlima. Akachuma mbiombio. Chemchemi ilikuwa juu, kupanda na kushuka kunamaliza nusu saa, bado foleni ya mitungi. Mto ulikuwa bondeni, karibu kabisa, pale ng'ombe wa kijiji chote walipokuja kunywa. Mvua ilikuwa imeteremsha kila kilichokuwa mlimani, na maji yalikuwa na rangi ya udongo. Drusilla alisimama na kapu lake. Alikuwa amefundishwa, tena ameandika kwa mkono wake mwenyewe: mboga isiyopikwa huoshwa kwa maji safi yaliyochemshwa. Akatazama juu, jua limebaki kipande. Akateremka bondeni.

Aliyasuuza majani mara tatu, akayakung'uta, akayaona yanang'aa. Akajiambia kwamba yako safi.

Siku iliyofuata meza ilitandikwa kitambaa kipya. Kulikuwa na ugali wa wimbi, maharagwe na ndizi za kupikwa, vyote vimepikwa tangu Ijumaa asubuhi, na katikati bakuli kubwa jeupe la saladi, kijani na nyekundu na rangi ya karoti. Wanawake wa Nyaramba walitazamana. Tryphosa akachota kijiko kimoja kwa heshima. Mwingine akachukua jani moja akalizungusha kwenye sahani kana kwamba litaondoka lenyewe.

Ndipo Bosibori, aliyekuwa amekaa pembeni, akanyoosha mkono akalivuta bakuli upande wake.

"Nyinyi mna meno, leteni haya kwa asiye nayo," alisema, akaanza kula.

Alikula kwa mkono, akitafuna taratibu upande uliobaki na meno. Wageni wakacheka. Aliposhika kijiko kikubwa kuongeza, wakacheka zaidi. Tryphosa alitaka kuchota tena, Bosibori akamkinga kwa kiwiko: "Hapana, mwanangu, mimi nimeshakuwa ng'ombe, niacheni." Akamaliza bakuli. Drusilla, ambaye kama mwenye nyumba alikuwa akiwapakulia wengine, hakubakiwa hata na kipande cha karoti. Moyo wake ulijaa raha. Mama mkwe aliyecheka kila kitu cha kizungu, leo amekula mpaka akapangusa bakuli!

"Kama mzee huyu amependa hivi," Tryphosa alisema wakiagana, "wengine watashindwaje?"

Jumanne Bosibori alianza kuhara. Jumatano hakuweza kusimama. Alhamisi wanaume walimbeba kwa kitanda hadi zahanati, Drusilla akifuata nyuma na shuka. Daktari aliuliza mgonjwa alikula nini, alikunywa nini.

"Jumapili alikunywa maziwa ya mgando kwa jirani yetu Persis," Alfayo akasema.

"Huenda ni hayo," daktari akasema, akaandika.

Drusilla alikuwa amesimama hapo hapo, hatua mbili kutoka kwenye meza. Alifungua mdomo. Akaona Alfayo anavyomtazama mama yake, akaona rangi ya maji ya bondeni, na mdomo ukafungika. Alijiambia atasema mgonjwa akipata nafuu. Tena wageni hawakuumwa, sivyo? Yeye mwenyewe hakuumwa. Alisahau makusudi kwamba yeye hakula.

Persis alikuwa mjane, na maziwa yake ya kibuyu yalikuwa fahari yake. Akina mama wa kikundi cha kusaidiana shambani walipokutana kulima, yeye ndiye aliyewaletea kinywaji. Wiki ile, maneno ya daktari yakiwa yameshaenea kijijini, alikuja na kibuyu chake kama kawaida, akamimina, akapitisha kikombe. Wa kwanza akasema ameshiba. Wa pili akasema tumbo si zuri. Wa tatu akakipokea, na Persis alipogeuka akamwaga maziwa kwenye nyasi. Drusilla alikuwa wa nne. Alisema, "Leo nimefunga," uongo mtupu, na mchana Persis akarudi nyumbani na kibuyu kizito vilevile alivyokuja nacho, akitembea polepole, bila kuaga.

Usiulize kama Drusilla alikuwa na amani. Barua ya Tryphosa ilifika, amechaguliwa, aanze Sabato ijayo; akaisoma akiwa amesimama jikoni na akaona haya kana kwamba ameiba. Hata hivyo alikwenda. Alisimama mbele ya wanawake arobaini na daftari lake, kama alivyotamani, na alipofika mahali pa maji safi yaliyochemshwa, akausoma mstari huo mara mbili. Walidhani ni woga wa mara ya kwanza. Wakampigia makofi, na kila kofi lilimuuma.

Bosibori alikaa zahanati siku kumi na tisa. Alirudi nyumbani amebaki mifupa, anatembea kwa kushika ukuta. Siku ya tatu aliketi mlangoni kuota jua, Drusilla akimsugua miguu kwa mafuta.

"Persis yuko wapi?" aliuliza. "Kila mtu amekuja kuniona isipokuwa yeye. Nimemkosea nini?"

Drusilla alijaribu kusema kwamba pengine ana kazi. Hakuweza. Akaeleza habari ya zahanati, ya kikombe, ya maziwa yaliyomwagwa kwenye nyasi. Kisha akaachilia mguu wa mzee na kufunika uso.

"Mama, si maziwa. Ni majani yangu. Niliyaosha bondeni, ng'ombe wanaponywea. Jua lilikuwa linazama."

Alingoja kufukuzwa. Bosibori hakushtuka hata kidogo.

"Najua," alisema. "Nilikuwa kwenye migomba nafungua ndama. Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuona. Nikasema si kitu, mboga itaingia chunguni, moto utamaliza. Ningejuaje kuna mtu anakula jani bichi? Kesho yake nikaliona mezani, na wageni wameshika vijiko. Nifanyeje, mokamwana? Nimwaibishe mke wa mwanangu mbele ya watu wa Nyaramba? Au niwaache wageni wa boma langu waugue? Nikaona tumbo langu ni la zamani, limezoea mengi. Nikavuta bakuli."

Drusilla alilia mpaka kuku wakaondoka. Yale makofi, ile barua, kile kicheko cha wageni, vyote vilikuwa vimelipwa na mzee huyu kwa mwili wake, huku Drusilla akidhani ni mapenzi ya saladi.

"Nyamaza," Bosibori alisema. "Lile bakuli nililila mimi, limekwisha. Hili la Persis sikulijua, na siwezi kulila kwa niaba yako." Akaingiza mkono nyuma ya mlango, akatoa kikombe chake cha bati. "Nenda ukaniletee maziwa yake. Nenda sasa, watu wakiwa mashambani, wakuone."

Drusilla alipita barabara kuu ya kijiji na kikombe mkononi. Wanawake wawili waliokuwa wakipalilia kando ya barabara waliinua vichwa, wakamfuata kwa macho hadi langoni kwa Persis.

Persis alikuwa amekaa na kibuyu miguuni. Alipoona kikombe alisimama haraka mno. Alikipokea, akamimina maji ya moto kutoka kwenye sufuria, akakisuuza, akakiinamisha mbele ya macho ya Drusilla ili aone ndani. Akamimina tena, akasugua ukingo kwa kidole, akakiinamisha tena.

"Persis, acha," Drusilla alisema. "Maziwa yako hayakuwa na kitu. Ni maji yangu. Ni mimi."

Alilisema kwa sauti, na wale wawili kando ya barabara walisikia.

Persis akainama, akachota maji ya moto mara ya tatu, na akaendelea kuosha kikombe kilichokuwa safi tangu mara ya kwanza.