Bi Anwani na Mashine Iliyoitikia

Mchana alikata lenzi katika duka la miwani la mjomba wake, lililobanwa kati ya duka la viatu na ofisi ya bima. Jioni, akishavua aproni na kunawa vumbi la kioo mikononi, alikuwa mtu mwingine kabisa. Vikundi vya watumiaji wa Linux, vya mjini kwake na vya miji ya mbali, vilimjua kwa jina moja tu, Bi Anwani, na wengi wao hawakujua hata anafanya kazi gani.

Linux ni ule mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao hauna bosi: unaufungua, unauchokonoa, unampa na jirani. Walioupenda walikutana Jumamosi katika madarasa ya kuazima na vyumba vya nyuma ya maduka, wakafundishana bila mshahara. Zamani, anwani za mtandao zilipokuwa bado hazigombaniwi, mhadhiri mmoja aliwaombea fungu moja la kugawana. Anwani yenyewe ni namba tu, lakini kompyuta isiyo na namba yake ni kama nyumba yenye mlango wa uani peke yake: wa ndani watatoka, ila mgeni hajui agonge wapi. Mhadhiri alipohamia ng'ambo alimkabidhi ugawaji yule dada wa miwani, na sababu aliisema mbele za watu. "Huyu hana upendeleo, na hasahau."

Kutosahau ndiko kulikokuwa tabu yake.

Katika mji mmoja wa milimani kulikuwa na fundi redio aliyeongoza kikundi cha huko. Walianza kuandikiana kwa ajili ya kosa. Bi Anwani alikuwa amempa namba ambayo tayari ilikuwa na mashine nyingine, na mtandao wa fundi ukawa unakatika kila saa. "Dada," fundi aliandika, "umenioza mke wa mtu." Bi Anwani alicheka peke yake juu ya mashine ya kusagia lenzi mpaka mjomba akachungulia kutoka mbele kuuliza kulikoni. Alisahihisha namba, akaomba radhi, fundi akajibu, naye akajibu jibu lile. Baadaye barua hazikuwa tena za namba. Fundi alimweleza jinsi mvua inavyopiga bati la karakana yake hadi redio zote zinakuwa kazi bure. Yeye alimweleza kuhusu wateja wanaovaa miwani mipya, wakatazama mtaa, kisha wakanyamaza.

Katika mkutano wa kila mwaka wa vikundi walikaa viti vya jirani. Mwaka mmoja fundi alimsindikiza hadi stendi, akamshikia begi mpaka basi lilipowashwa. "Nina neno," alisema, "lakini litangoja mwakani."

Mwakani hakuja. Barua zilikatika, na kikundi chake kikanyamaza pamoja naye.

Kilichobaki ni mashine yake. Kompyuta inaweza kuipigia nyingine hodi kwa mbali, na ile nyingine, kama iko hai, huitikia. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka, Bi Anwani alizipigia hodi mashine za vikundi vyote kwa mkupuo mmoja, kujua ipi imezima. Ya fundi aliiacha mwisho. Aliiandika namba yake kwa mkono, taratibu, chai ikiwa mbele yake. Nayo iliitikia. Alikaa kidogo akiutazama ule mstari wa jibu, kisha akaenda kufungua duka.

Miaka ikapita hivyo, mpaka walimu wa shule ya wasioona walipoomba anwani. Walitaka kuweka mashine yenye vitabu vilivyosomwa kwa sauti, ili wanafunzi wa shule nyingine wavichukue kutoka kwao. Ombi zuri, lakini fungu lilikuwa limekwisha. Katibu wa vikundi, muuguzi ambaye pia alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, alikuja dukani akaegemea kaunta.

"Sehemu ya milimani imelala," alisema. "Namba zote zile zimekaa bure, na mashine inayoitika ni moja tu."

"Nimewaandikia."

"Wakajibu?"

"Bado."

"Shoga, angekuwa mwingine ungeshazichukua zamani. Hilo nimesema kama katibu. Sasa nakuuliza kama rafiki: unatunza anwani, au unatunza mtu?"

Bi Anwani aliinamia kazi. Lenzi ikasagika kupita kiasi, ikakatika vipande viwili. Kesho yake alimwomba mjomba ruhusa, akapanda basi la milimani.

Karakana aliipata kwa kuuliza. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na redio zilizofunguliwa matumbo, harufu ya risasi ya kuchomelea, na fundi mwenyewe, mrefu, nywele zimeingia mvi, akimchana nywele mama mmoja mzee aliyekaa kwenye kigoda. Alipoinua macho, kitana kilisimama hewani.

"Karibu," alisema.

"Nani huyo?" mama aliuliza. "Mkeo?"

"Ni Bi Anwani, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, kana kwamba jibu limemtosha.

Juu ya rafu, kati ya spika zilizochanika, ile mashine ilikuwa ikinguruma. Bi Anwani aliitambua bila kuambiwa. "Inafanya kazi gani?"

"Haina kazi. Inakuitikia wewe." Fundi aliketi juu ya sanduku. "Siku tuliyovunja kikundi nilisimama hapo nikitaka kuizima. Nikaona hodi yako imeingia. Mkono ukashindwa."

"Uliziona zote, na hukuandika hata mstari."

"Mwanzoni ilikuwa aibu. Tuligombana wenyewe kwa wenyewe, kikundi kikanifia mikononi. Halafu mama akaanza kupotea njia ya kurudi nyumbani. Nikasema nitakuandikia wiki ijayo. Kila wiki maelezo yakawa marefu zaidi, mpaka barua ikawa haiandikiki."

Bi Anwani alikuwa amejiapia ndani ya basi kwamba hataliuliza. "Na lile neno la stendi?"

Fundi alimtazama mama yake, aliyekuwa anasinzia. "Lipo. Lakini nikilisema nitakuwa nakuita uje kubeba mzigo wangu."

Bi Anwani alitaka kumwambia kwamba mizigo haimtishi. Ila alimkumbuka mjomba, ambaye macho yake mwenyewe yalishachoka na hakuwa na mwingine wa kumkatia lenzi. Akasema lile alilotumwa.

"Nimekuja kuchukua namba."

"Najua. Zote?"

"Zote."

Fundi akampisha kwenye sanduku, akamshushia kibodi. Bi Anwani alimwomba asiizime mashine, akaipa namba ya ndani ambayo huonekana mle mle karakanani tu. Ingeendelea kunguruma, lakini hakuna aliye mbali ambaye angeweza tena kuipigia hodi. Alipomaliza, vidole vyake vilibaki juu ya kibodi, na fundi aliyesimama nyuma yake hakumharakisha.

Walimu wa shule ya wasioona walipata sehemu yao, na zilizobaki zikaenda kwa vikundi vilivyokuwa vikingoja. Asubuhi ya kwanza Bi Anwani, kwa mazoea, aliiandika ile namba ya milimani, akangoja, hakuna kitu. Akaipigia hodi mashine ya shule. Ikaitikia upesi, vizuri, kama mashine yoyote. Alifurahi kwa ajili ya watoto, na chai ikapoa mezani.

Tangu hapo fundi alianza kumwandikia tena, barua fupi fupi. Mama yake alipofariki, Bi Anwani alikwenda mazishini. Alikaa na wanawake, akampa pole mbele ya watu, akarudi na basi la jioni. Baada ya muda likaja ombi: fundi amekusanya watu upya, wanahitaji anwani, hata moja. Hakukuwa na hata hiyo moja. Katibu alisema ampe tu ya kwanza itakayopatikana, nani atalalamika? Bi Anwani akampigia simu fundi.

"Kuna wawili mbele yako," alimwambia.

"Ningeshangaa kama ungenirukisha foleni."

"Huenda ikachukua muda."

"Nitangoja. Na nikitaka kufuatilia ombi langu, naruhusiwa kuja ofisini mwenyewe?"

"Ofisi ni duka la miwani. Jumapili hatufungui."

"Vizuri," alisema fundi. "Na macho yameanza kunisumbua."

Hakutaja siku, naye hakumbana. Mvua zimekata barabara ya milimani, na magari yanasemekana kupita kwa kuvutwa. Bi Anwani anaendelea kukata lenzi. Meza yake ameisogeza karibu na dirisha la mtaani, amemwambia mjomba kwamba pale kuna mwanga zaidi, na kila anapopita mwanamume mrefu mwenye mvi, anainua kichwa.