Kriketi Nyuma ya Maghala ya Sanyuanli

Klabu yetu ya kriketi haikuwahi kushinda mechi. Nalisema hili mapema ili msomaji asikae mkao wa kula akisubiri ushindi. Tulifungwa na Wapakistani wauza vitambaa, tukafungwa na Wahindi wauza vigae, tukafungwa na wanafunzi wa Sri Lanka waliokuja pungufu na bado wakapata nafasi ya kumenya ndizi katikati ya mchezo. Hata mvua, ambayo kwenye kriketi huokoa wanyonge, kwetu ilingoja tufungwe kwanza ndipo inyeshe.

Hiyo ilikuwa Guangzhou, miaka ile jiji lilipokuwa likijengwa mchana na usiku, na kila Mswahili mwenye mtaji wa kujaza mabegi mawili alijiita mfanyabiashara wa kimataifa. Mimi nilikwenda kusoma kwa ufadhili. Nikajua Kichina, na kujua Kichina ndiko kulikoniponza. Kila nilipotoka darasani nilikuwa mdomo wa watu wengine: kwenye majumba ya nguo ya Zhanqian, kwenye ofisi za kusafirisha kago za Sanyuanli, kwenye karakana za jinzi kule Xintang. Niliwasemea watu "ghali mno" mpaka nikawa naisema ndotoni. Jumapili tu, Wakristo wakishatoka kanisani, nilikwenda uwanjani nikasema maneno yangu mwenyewe. Ndiyo maana niliipenda klabu ile kuliko ilivyostahili.

Nahodha wetu alikuwa mtu wa Tanga, wa makamo, mnunuzi wa jinzi. Kriketi alifundishwa utotoni na majirani zake Wahindi, na beti, lile gongo la kupigia mpira, alijua kuishika kweli. Wengine tulijua kukimbia. Alikuwa na neno lake moja: "Nishinde mechi moja tu hapa Uchina, wanangu, kisha nirudi zangu Tanga nikapumzike." Mwanzoni tulimcheka. Baadaye hatukucheka tena, maana tulimwona baada ya kila kipigo akikaa peke yake pembeni, viatu hajavua, salamu haitikii. Siku kama hizo hata chai aliyopenda, yenye tangawizi nyingi, ilipoa mbele yake.

Mechi yetu ya kwanza nitaikumbuka mpaka naingia kaburini kwa sababu ya suruali. Kriketi huchezwa kwa nguo nyeupe. Nahodha, badala ya kununua suruali nyepesi kama watu wenye akili, aliagiza kwa fundi wake wa Xintang, na fundi wa Xintang anajua kitu kimoja tu. Zikaja jinzi nyeupe, nzito, zenye vifungo vya chuma na nakshi ya tai kwenye mfuko wa nyuma. Tulizivaa kwenye joto la Julai. Mpigaji wetu wa pili alishindwa kupiga goti, mpira ukapita chini yake ukaangusha vijiti alivyopaswa kuvilinda, naye akabaki ameinama nusu mpaka wenzake wakamshika mkono. Wapakistani walicheka mpaka wakakaa chini. Tuliendelea kuzivaa kwa sababu zilikuwa zimeshalipiwa.

Uwanja wenyewe ulikuwa shamba la mboga lililoachwa, katika kijiji ambacho jiji lilikuwa limekizunguka pande zote. Mwenye shamba, laoban kama tulivyomwita kila bosi, alituacha tucheze bure kwa vile ardhi haikumfaa kitu: mashimo, matuta, maji yakituama. Mpira ulidunda unakotaka. Nahodha akasema tunafungwa kwa sababu ya matuta. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akatuambia, na kweli tukainama. Jumapili baada ya Jumapili tulibeba kifusi kutoka kwenye nyumba zilizobomolewa jirani, tukajaza mashimo, tukachimba mfereji wa maji, tukakodi mtambo wa kushindilia. Katikati, mpira unapodundia, tulimwaga ukanda wa zege na kutandika zulia la plastiki juu yake. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile, na leo nikikumbuka napata hasira, maana hakuna hata mmoja wetu, watu tulioshinda kutwa tukipigania nafasi ya kuweka mzigo, aliyejiuliza ardhi kavu iliyoshindiliwa katikati ya Guangzhou inafaa nini.

Laoban alijiuliza. Alikuja Jumapili moja, akautembelea uwanja mzima mikono nyuma, akapigapiga zege kwa kisigino. Kisha akanitazama mimi, mwenye Kichina. Nikasikiliza, nikageuka kwa wenzangu.

"Anasemaje?" nahodha akauliza.

"Anashukuru. Anasema tumemsawazishia vizuri, sasa atapakodisha kwa malori."

Hata siku yangu ya mapumziko niligeuzwa mkalimani, na habari yenyewe ikawa ile.

Mdakaji wetu, yule asimamaye nyuma ya vijiti, alikuwa Mzanzibari mwenye ofisi ya kago. Alivua glavu. "Basi ntapakodi miye," akasema. "Jumatatu hadi Jumamosi naweka makontena yangu, Jumapili natoa kila kitu, twacheza. Mwambie laoban." Nikamwambia laoban, akakubali. Tulimbeba mdakaji juujuu kama bwana harusi, na nahodha alicheka siku ile, wa kwanza kucheka na wa mwisho kunyamaza.

Kibanda cha mabati kikajengwa ukingoni kuhifadhi mizigo. Jumapili za mwanzo uwanja ulikuwa mtupu kama alivyoahidi. Kisha biashara ikapamba moto na malori yakawa adimu, mtu anayapata siku yanapopatikana. Lori moja likabaki Jumapili, tukacheza tukilizunguka. Wiki nyingine yakawa matatu. Tulimlaumu mdakaji mpaka akachoka, akatuonyesha karatasi zilizobandikwa kwenye milango ya makontena: mzigo wa mrushaji wetu, mzigo wa mlinzi wetu wa kushoto, mzigo wa nahodha. "Mwanipigia simu wenyewe kila siku, fanya haraka, fanya haraka. Mimi nifanyeje, jamani?" Kikulacho ki nguoni mwako.

Mechi ya mwisho ilikuwa na Wapakistani wale wale. Sijui nini kiliwapata siku hiyo, labda walitudharau mno. Walitolewa wote mapema, kwa idadi ya mbio, ndizo pointi za kriketi, ambayo hata sisi tungeweza kuifikia. Tukaanza kuzifukuzia. Wenzetu walitolewa mmoja mmoja, lakini nahodha alisimama. Alipiga mipira kwa utulivu ambao sijauona tena kwa mtu yeyote, jinzi imemganda miguuni, jasho linamtiririka puani. Ikabaki jozi ya mwisho ya wapigaji: yeye upande ule, mimi upande huu, na mbio tano za kushinda. Nilimwomba Mungu mpira usije kwangu.

Ndipo lori likaingia na kontena tupu.

Lilikuwa la mzigo wa nahodha. Jinzi zake zilikuwa zimejaa kibandani, mzigo wa Idi, na mdakaji alikuwa amehangaika wiki nzima bila kupata lori. Bandari ilikuwa inafunga kupokea mizigo ya meli ya kwenda kwetu alfajiri ya kesho yake. Ukiikosa, nguo zinafika baada ya Idi, na baada ya Idi nani anunue? Dereva alishusha kioo akapiga kelele kwamba ana safari nyingine, tupakie sasa au aondoke. Kufika kibandani ilibidi arudi nyuma kupitia katikati ya uwanja.

"Mwambie asubiri," nikamwambia nahodha, nikasahau kwamba wa kumwambia ni mimi. "Mbio tano tu, Nahodha. Dakika chache."

Nahodha alitazama lori, akatazama kibanda. Dereva akaanza kugeuza usukani kuelekea getini. Nahodha akalaza beti kwenye majani, taratibu.

"Pakieni," akasema.

Tulipakia wote, na suruali zetu nyeupe. Nahodha wa Wapakistani alisema watasubiri, kisha akaona kusubiri ni aibu, akawaita watu wake nao wakabeba. Katoni kwa katoni jua likazama. Kontena lilipojaa, lori likaondoka kwa kupita pale pale lilipoingilia, na safari hii lilikuwa na uzito wa jinzi zote zile. Zege letu lilipasuka katikati, likazama upande mmoja, na zulia likaburutwa na gurudumu mpaka getini.

Wapakistani walitushika mikono wakaondoka bila kudai ushindi. Hilo liliniuma kuliko kufungwa.

"Tutatengeneza," nikamwambia nahodha. "Tutawaita tena, tuendelee pale pale tulipoishia."

"Umeichukua namba ya sili ya kontena?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeichukua, pale kwenye kufuli la mlango wa kontena. Nikamsomea.

Hatukutengeneza. Wiki iliyofuata malori yalipanga mstari mpaka ukutani, na mwisho wa mwezi nahodha alirudi Tanga bila ushindi wake. Jinzi ziliwahi Idi. Alinipigia simu kuniambia zimekwisha zote, akaniomba nimwendee fundi wa Xintang nimwagizie nyingine kama zile, mara mbili yake. Kuhusu kriketi hakusema neno. Nilisubiri aseme, mpaka simu ikakatika.