Ndizi Bila Nyasi

Ukurasa huu nimeuacha wazi tangu likizo, nikijidanganya kwamba wino umekwisha. Wino upo. Nilichokosa ni uso wa kuandika kwamba mimi, mwanafunzi wa sekondari Bukoba mjini, niliyesifiwa darasani kwenye somo la nguvu na mwendo, nilishindwa na ndizi.

Kwetu ni Muleba. Wiki ile kaka yangu mkubwa alitakiwa kupeleka rubisi, pombe ya ndizi, ukweni, vibuyu viwili vikubwa, vimejaa mpaka shingoni. Siku ya kupeleka ilishaahirishwa mara moja kwa ajili ya msiba, na baba wa binti alisema mbele ya watu kwamba safari hii hangoji tena. Basi ndizi zikakatwa, zikafukiwa shimoni na majani, zikaiva. Alhamisi asubuhi zilikuwa zinasubiri miguu tu. Pombe yetu hutoka miguuni: ndizi zilizomenywa humwagwa kwenye mtumbwi uliochongwa kwa gogo, huchanganywa na nyasi kavu, na wanaume hukanyaga mpaka maji yatoke. Kisha maji hayo hutiwa mtama, yakaachwa yachachuke.

Baba mkubwa ndiye mkanyagaji wetu. Mwaka huu alisema nitaingia mtumbwini pamoja naye. Usidhani ni jambo dogo. Mimi ni mtu ambaye mgeni akipiga hodi napitia mlango wa nyuma. Hakuna aliyewahi kunipa kazi ya kiume hata ya kushika taa.

Tulikuwa tumeshanawa miguu balozi wa nyumba kumi alipopita akiita wakubwa wote mkutanoni, habari za kuhamia kijiji cha ujamaa. Baba mkubwa akavaa viatu, akamchukua na kaka.

"Anza wewe," akaniambia. "Nyasi hizo hapo. Narudi sasa hivi."

Nikabaki na mdogo wangu wa kike, anayemenya ndizi, na akili zangu. Hizo akili ndizo zilizoniponza.

Nilitazama zile nyasi. Kavu, kali, zinakwaruza. Mwalimu wetu wa fizikia alishatuonyesha: kipande cha mti juu ya ubao mkavu hakisogei, paka ubao mafuta, kinateleza chenyewe. Msuguano hupinga mwendo, hula nguvu bure. Na wazee wangu, miaka yote hii, wamekuwa wakiongeza msuguano kwa mikono yao wenyewe! Nilisikia huruma, kwa kweli. Nikalisukuma tita la nyasi pembeni.

"Nyasi huweki?" mdogo wangu akauliza.

"Nyasi ni msuguano. Ukiuondoa, kazi inakuwa nyepesi."

"Nani kasema?"

"Mwalimu. Alipaka ubao mafuta, kipande cha mti kikateleza."

"Kwani mwalimu alikuwa anakamua ubao?"

Nikapanda mtumbwini.

Lazima nikiri, kazi ilikuwa nyepesi. Miguu ilikwenda huku na huku bila kuniuliza. Ila maji hayakutoka. Ndizi zilikuwa zinanikwepa, nikikanyaga hapa zinatokea pale. Nikaongeza kasi. Hapo miguu ikatii kanuni ya kwanza ya mwendo, ikaendelea mbele, na mimi wa kiunoni kwenda juu nikatii mvutano wa dunia. Nilikaa kitako katikati ya ndizi za kaka yangu, na kaptula ya shule.

"Mae!" mdogo wangu akapiga kelele kwa mshangao. "Fizikia imeanguka!"

Ningeacha hapo ingekuwa afadhali. Nilisimama nikakanyaga tena, kwa ubishi, mpaka waliporudi. Baba mkubwa akachota ule mchanganyiko, akauacha udondoke taratibu kutoka kiganjani, mzito, hauna hata tone la maji.

"Umepika uji," akasema.

Kaka alikaa kwenye kizingiti akavitazama vibuyu vyake. Afadhali angenipiga.

Baba mkubwa akatia nyasi tele, akaingia mwenyewe, akahangaika na ule uji mpaka jasho likamtoka. Kikajaa kibuyu kimoja. Cha pili kikafika robo.

"Hatupeleki kibuyu cha robo," akasema. "Chukua tenga uende kwa majirani ukaombe ndizi mbivu. Wakikuuliza zetu zimekwenda wapi, uwaambie."

"Tata," nikasema, kama tunavyomwita baba kwetu, "huyu mdogo si anaweza..."

"Aliyeteleza ni nani?"

Nyumba ya kwanza nilisimama uani mpaka mbwa akachoka kubweka. Bibi mwenye nyumba akatoka, nikamsalimu, nikataka kuondoka. Akaniita. Nikamweleza nikitazama tenga. Akacheka mpaka akashika nguzo.

"Serikali inakusomesha uje utuharibie ndizi, mjukuu wangu?"

Akanipa kichane kikubwa. Nyumba ya pili waliita watu wa shambani waje wasikie. Ya tatu walikuwa wameshasikia, lakini walitaka kuisikia kwa mdomo wangu. Kufikia ya saba nilikuwa ninaonyesha na jinsi nilivyoanguka, na tenga limejaa. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo tangu nizaliwe.

Mchana ule ule nikaingia mtumbwini tena, na nyasi, kaka akinisimamia. Zilinikwaruza nyayo kama nilivyotabiri. Lakini sasa ndizi hazikukimbia. Nyasi zilizishika, zikanishika na mimi, nikakanyaga na uzito wangu wote ukafika chini. Maji yakaanza kupenya katikati ya majani, kidogo, halafu mengi. Kilichokuwa kinanipinga ndicho kilichokuwa kinakamua. Kibuyu cha pili kikajaa mpaka shingoni.

Kaka akakiziba kwa jani la mgomba. "Wakiuliza nani kakanyaga," akaninong'oneza, "nitasema baba mkubwa."

"Asante," nikasema, na nilimaanisha.

Jumamosi ukweni nilichagua kiti karibu na mlango. Baba wa binti akaonja kibuyu cha kwanza, akaonja cha pili, akarudia cha pili.

"Nani amekanyaga?"

Kaka akatimiza ahadi, akamwonyesha baba mkubwa. Baba mkubwa akafuta mdomo, akamjibu kwa heshima. "Mimi ni hicho cha kwanza, waitu. Hicho unachorudia ni cha kijana yule pale mlangoni."

Nyumba nzima ikageuka. Mzee akaniuliza nimejifunzia wapi. Milango saba nilikuwa nimeongea, na hapo, palipokuwa na jambo zuri la kusema, sikupata neno hata moja. Nilitazama nyayo zangu. Utomvu wa ndizi ulikuwa bado haujatoka.