Mzee Nyaga Alivyonifundisha Kugawanya

Enzi zetu kule Ishiara, hesabu ilibebwa mfukoni. Kila mtoto wa darasa la tatu alikuja shuleni na ndengu za kuhesabia, na kufikia saa nne baadhi yetu tulikuwa tumeshazitafuna. Watoto wa leo wana simu, na angalau simu hailiwi.

Kujumlisha nilijua, kutoa nilijua. Kugawanya ndiko kulikonitoa jasho. Siku moja mwalimu aliniuliza: viazi vitamu kumi na vitatu, watoto wanne, kila mmoja atapata vingapi? Nikajibu bila kusita kwamba wakubwa wawili watapata vinne vinne, anayefuata vitatu, na kitinda mimba viwili, maana hawezi kumaliza zaidi. Ndivyo mama alivyotugawia nyumbani, na hakuna aliyelala njaa. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema nikirudi kutoka likizo ya Pasaka bila kujua kugawanya, atanirudisha darasa la pili, nikakae dawati moja na mdogo wangu Njeru. Nililia njia nzima.

Pasaka hiyo, kama kila mwaka, familia sita za jirani zilichinja mbuzi wawili kwa pamoja. Mama akanituma na beseni nikachukue fungu letu. Mzee Nyaga, jirani yetu, ndiye aliyeshika kisu. Alikuwa ametandaza majani sita ya mgomba, moja kwa kila familia. Hakuwa na mizani. Alizunguka tu akiweka kipande kimoja kwenye kila jani, akifika la mwisho anarudi la kwanza. Aliyegawa ndiye huchukua fungu la mwisho, kwa hiyo upendeleo haungemfaa kitu. Nilisimama pale nikihesabu vipande, nikachanganyikiwa, nikaanza upya. Akaniona.

"Wewe Wanja, wachana na nyama," akasema. "Hesabu mimi nimezunguka mara ngapi."

Nikahesabu. Alizunguka mara kumi na tisa, na kila jani likawa na vipande kumi na tisa. Vikabaki vinne, ambavyo havingefika majani sita. Nilielewa palepale, nikafurahi hadi nikasahau beseni chini. Vile vinne havikupewa mtu. Vilichomwa kwenye makaa tukavionja sote tuliokuwepo, watoto kwanza.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu alinisimamisha mbele: arobaini na tatu gawanya kwa tano. Nilichora viduara vitano ubaoni, nikazunguka nikitia nukta moja moja. Nikasema ni nane, na tatu zinabaki. Akataka kujua ni nani aliyenifundisha. Nikamwambia ni nyama. Hapo hata yeye alicheka, akaniambia nirudi kwenye dawati langu la darasa la tatu.

Sasa naishi Kaaga, mjini Meru. Binti yangu akipewa hesabu ile ile hubonyeza simu, nayo humpa nane nukta sita. Jibu ni sahihi, sina ugomvi nalo. Pasaka iliyopita nilinunua kilo mbili buchani, tukala watu watatu, mlango umefungwa. Jirani wa mkono wa kulia hata jina simjui, na hilo huniuma.

Juzi nilimfundisha binti yangu kuigawanya kwa viduara. Akaniuliza zile tatu zinazobaki huwa zinaenda wapi. Nilitaka kumwonyesha, nikaona sina pa kumpeleka.