Sauti Nyuma ya Kitambaa: Miaka Sita ya Kusema Sinema za Kijerumani

Siku ya kwanza kazini nilifika ukumbini Lodwar saa tano asubuhi, ingawa sinema ilikuwa ya saa nane mchana. Nilitoka kwetu Kanamkemer kwa miguu, kwa sababu sikutaka kupanda boda boda na kuulizwa naenda wapi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilisoma mpaka darasa la nane, basi. Na kazi niliyoitiwa ilikuwa ya kuongea mbele za watu, jambo ambalo nilikuwa nalikimbia tangu utoto.

Meneja wa Maonyesho alikuwa mtu mnene, taulo ya jasho haikumtoka begani. Aliwahi kunisikia nikiitikia sala kanisani kutoka benchi la nyuma, akasema sauti yangu inafika mbali kuliko mimi mwenyewe. Nilipomwambia siwezi kusimama mbele ya watu, hakubishana.

"Basi kaa nyuma ya kitambaa cha picha," alisema. "Watu wanakuja kuona sinema. Nani amekuja kukuona wewe?"

Niwaeleze ninyi mnaoanza jinsi kazi ilivyokuwa. Kila baada ya wiki mbili ukumbi wetu wa utamaduni uliletewa sinema moja kwa Kijerumani. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, lakini yalipita haraka, na wengi wa watazamaji hawakusoma kabisa. Kwa hiyo alihitajika msemaji, yaani mtu wa kushika kipaza sauti na kusema kwa Kiswahili kila kinachosemwa. Mwalimu wa Kijerumani aliyekuwa Nairobi alitutumia karatasi ya maneno. Hiyo ni tafsiri ya sinema nzima, na kando ya kila mstari kuna dakika na sekunde zake. Mimi nasoma polepole, hata kuandika naandika polepole, kwa hiyo ilinibidi kuikariri karatasi nyumbani kabla ya siku yenyewe. Nilikuwa nafagia uwanja huku midomo inacheza. Mama yangu alifikiri nasali.

Ukikaa nyuma ya kitambaa unaona picha kwa mgongo. Kila mtu anaandika kwa mkono wa kushoto, na magari yanakwenda kinyume. Nimeona Ujerumani nzima hivyo. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi ili giza liingie, na juu kuna mabati. Joto la saa nane Lodwar mnalijua. Nilikuwa natoka mle nimelowa kama mtu aliyeanguka mtoni.

Sinema ile ya kwanza ilikuwa ya mwanamke anayeacha mji na kurudi shambani kwa wazazi. Tulifika mahali ambapo ng'ombe wanene wanapita kwenye majani, wengi sana. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi mbele juu ya kigoda chake alisimama.

"Ng'ombe hizi ni za nani?"

"Kaa chini, mzee, unaziba," mtu alimwambia.

"Nauliza. Mchungaji iko wapi? Ng'ombe imejaa hivi na hakuna hata mtu moja na bunduki?"

"Huko hakuna wezi."

"Hakuna wezi!" mzee alisema, akageukia watu. "Basi hii sinema ni uongo."

Ukumbi mzima uliacha habari za yule mwanamke ukaanza kujadili ng'ombe. Mimi nilibaki nasema karatasi yangu peke yangu.

Lakini kilichomsumbua Meneja hakikuwa kelele, kilikuwa kimya. Sinema hizo zina kimya kirefu. Watu wawili wanakaa mezani, wanakunywa supu, mmoja anatazama dirisha, na hakuna neno kwa dakika nzima. Mara ya kwanza nilinyamaza nao. Watu wakaanza kupiga miluzi wakidhani spika zimekufa, na wengine wakatoka. Baada ya onyesho Meneja aliniita.

"Hicho kimya ni cha huko kwao. Hapa ukinyamaza, watu wanaenda nyumbani. Jaza."

"Nijaze nini?"

"Wewe si umelelewa na watu? Sema kile mtu angesema."

Hiyo ndiyo tuliita kujaza. Karatasi ikiwa haina kitu, msemaji anatia maneno yake. Nilianza kwa woga, neno moja au mawili. Baadaye nikawa hodari. Mtu akimwekea mwenzake chakula, nasema, "Kula, usiogope, ni chako." Mtu akiingia mlangoni bila kusema, natia salamu ya Kiturkana, "Ejok? Mmeshindaje hapa?" na ukumbi unaitikia "Ejok-nooi!" huku unacheka. Watu walipenda. Mimi ambaye sisalimii mtu njiani, nyuma ya kitambaa nilisalimia dunia nzima.

Baada ya miaka miwili nilihamishiwa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi. Mkubwa wangu kule alikuwa Msimamizi wa Ukumbi, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi, ambaye kila alipoongea nawe alitazama saa yake. Kule sinema ilikuwa kila Jumamosi, na watazamaji hawakuwa kama wa Lodwar. Walikuwa Waturkana na Wasudani Kusini, Wakongo na Wasomali, kila kundi na benchi lake. Nikichelewa kidogo nasikia Wakongo nyuma: "Dada, banasema nini? Umelala?" Na vijana wa Sheng: "Siste, wacha kumezea, tuambie!"

Nilifanya kazi huko miaka minne. Sitawadanganya, ilinichosha. Kwa saa mbili unakuwa baba, mama, polisi, mtoto na mgonjwa. Vumbi linaingia kifuani. Nilianza kukohoa katikati ya maneno ya mapenzi, na watu wakacheka. Ikafika wakati nasema huku akili imelala, na mdomo unajaza wenyewe.

Karibu na lango la ukumbi palikuwa na kibanda cha chai cha mama mmoja Msudani Kusini, Mama Achol. Hakukosa onyesho hata moja. Alifunga kibanda, akaingia, akakaa benchi la pili, na hakucheka wengine walipocheka. Mimi nilikunywa chai kwake mwaka mzima bila kusema zaidi ya "moja" na "asante". Siku moja chai ilikuwa haina sukari, nikalazimika kusema.

Aliweka birika chini. "Wewe! Wewe ndiyo ile sauti."

Nilitaka kukimbia.

"Kaa, jena tai," alisema, yaani mtoto wangu. "Kumbe sauti iko na mtu mdogo hivi. Sikia. Mwanangu Deng iko Ujerumani. Miaka saba. Sasa ananiita mimi. Karatasi ya safari imekuja, ya mtu moja. Dada yangu Abuk, ile mguu yake mbaya, anabaki hapa. Alhamisi ofisi inataka jibu."

"Utaenda, mama?"

"Nilikuwa sijui. Ndiyo maana naingia kuangalia. Mimi siangalii mapenzi yao. Naangalia wazee." Alihesabu kwa vidole. "Ile ya kwanza, mzee anasalimiwa. Ile ya mama mgonjwa, anaongeleshwa mpaka analala. Na hii ya juzi, kijana anatoka kazi, hata kofia hajatoa, anauliza mama yake, mama, umeshindaje, umekula? Hapa Kakuma nani ananiuliza hivyo? Nimeamua. Naenda."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Karatasi ya sinema ya juzi nilikuwa bado nayo kwenye mfuko. Yule kijana anapoingia, karatasi haina kitu. Anavua kofia, anakaa, anakula, anaondoka. Salamu ilikuwa yangu. Na ya mzee ilikuwa yangu. Na yule mgonjwa, maneno yote ya kumlaza, nilikuwa nimeyajaza mimi, tena siku hiyo nilijaza kwa moyo.

Sikumwambia. Nililipia chai nikaenda kwa Msimamizi.

"Kwani ulimwambia aende?" aliniuliza akitazama saa.

"Hapana."

"Basi hujakosa. Umefanya kazi yako. Ukianza kumfuata kila mtu, hili lilikuwa kwenye karatasi, hili halikuwa, Jumamosi nani atakuja?"

Alikuwa na sababu zake. Lakini Alhamisi ilikuwa inakuja, na yule mama angemwacha dada yake mlemavu kwa sababu ya maneno yangu. Jumatano asubuhi, saa ya kujaribu mitambo, nilikwenda kibandani nikasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu usoni: "Mama, njoo ukumbini sasa hivi, kuna kitu nataka uone kabla ya kesho."

Alikuja na aproni yake. Nilimkalisha benchi la pili, nikawasha projekta, nikatafuta mahali pale. Sikushika kipaza sauti. Nilikaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza nikaiona picha upande wake wa kweli.

Kijana aliingia. Akavua kofia. Mama yake akamwekea sahani.

"Tazama mdomo wake," nilimwambia.

Alitazama. "Umefunga."

"Ndiyo."

"Rudisha."

Nilirudisha mara tatu. Mara zote kijana aliingia, akavua kofia, akala kimya.

"Sasa nani aliuliza, umeshindaje?"

"Mimi."

"Na yule mzee?"

"Mimi."

"Na yule mgonjwa?"

"Wote mimi, mama. Niliagizwa nisinyamaze."

Hakukasirika, au hakuonyesha. Alikunja aproni mpaka ikawa kitu kidogo mkononi. "Wewe una mama?"

"Yuko Kanamkemer."

"Ukirudi kwake, unamsalimia hivyo? Umeshindaje, umekula?"

"Hapana," nilisema. "Naingia tu."

Alitoa kicheko kidogo cha puani, akainuka, akaenda kumpigia mwanawe simu. Aliyoyasema Deng nilikuja kuambiwa baadaye. Mama Achol alimuuliza: ukirudi kutoka kazini, utaniongelesha? Deng alinyamaza mpaka mama akadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mama, mimi nikirudi nimechoka, siongei. Lakini nitakuwa narudi kila siku."

Alhamisi alikwenda ofisini akasema "bado", kwamba anataka kwanza kufikiri habari ya Abuk. Karatasi yao haikuwa na mahali pa "bado". Waliandika hapana.

Jumamosi nilisema yaliyo kwenye karatasi tu. Kimya kilipofika, nilinyamaza. Wakongo walipiga kelele, vijana walipiga miluzi, nusu ya watu wakatoka. Msimamizi alikuja nyuma ya kitambaa akaniambia jaza, jaza, nami nikashindwa, si kwa ushujaa, nilikuwa nimeishiwa. Nilimpa kipaza sauti. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, nikiwa na miaka ishirini na mitano.

Sasa nakaa na mama dukani kwetu, tunauza unga na sabuni. Jioni moja nilijaribu kumuuliza ameshindaje, akaweka mkono kwenye paji la uso wangu aone kama nina homa. Kifua bado kinanisumbua upepo ukivuma. Mwaka huu ukumbi wa Lodwar umechukua wasemaji wapya wawili, na wameniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Haya ndiyo ninayoyajua: kunywa maji kabla, si katikati. Kariri majina yao mapema, ni magumu. Watu wakijadili ng'ombe, waache wamalize. Na kuhusu kujaza, sina la kuwaamuru. Mkinyamaza, watatoka, nimeona. Mkijaza, kuna mtu benchi la pili anayewaamini, na hamjui kesho yake anakwenda kutia sahihi nini.

Sijui kama nilimtendea Mama Achol wema. Kuna siku nasema ndiyo, na siku nyingi nasema ningemwacha aende, angezoea. Deng ameomba tena karatasi, safari hii ya watu wawili, na hakuna anayejua kama itakuja.

Mwezi uliopita nilikwenda Kakuma kumtazama Mama Achol. Ilikuwa Jumapili mchana, kibanda hakina wateja, Abuk ameketi kivulini ameunyosha mguu. Simu ilikuwa mezani kati ya vikombe, iko wazi, na haitoi sauti ya mtu. Nilimuuliza kama imekatika.

"Iko," alisema, akanisogezea kiti. "Ametoka kazi. Anakula."

Nilikaa. Tukiinamisha vichwa kidogo, tulisikia kijiko kikigonga sahani.