Mashine ya Baridi Tuliyoifukiza

Mwaka niliomaliza darasa la saba, mjomba wangu alinipa masharti mawili ya kukaa kwake Isiolo mjini. Niuze dukani kwake, na nisiharibu kitu kingine. Alisema kingine kwa sababu redio yake nilikuwa nimeshaiharibu, na mizani pia.

"Ukiharibu kitu ya tatu," akaniambia, "unapanda lori ya Sericho. Ngamia hawana skurubu."

Sericho ndiko kwetu, sikatai. Lakini kule unatembea siku mbili na ngamia kutafuta maji, na mzaha wangu unataka watu. Ngamia nimewajaribu. Wanakuangalia tu.

Kitu cha tatu kilikuwa mashine ya baridi. Wazungu waliokuwa wakijenga barabara walifunga kambi wakauza vitu vyao, mjomba akarudi na sanduku la chuma la kupuliza hewa baridi, kubwa kama mbuzi wawili waliolala pamoja. Akatoboa ukuta wa chumba chake akaliweka pale. Fundi aliyekuja kulifunga alitoka Nanyuki, na kwa kazi ya nusu siku akaondoka na pesa ya kondoo mnono. Mjomba akaapa huyo mtu hatamwona tena mlangoni kwake, hata mashine ikitoa damu.

Basi mjomba akasafiri kwenda Sericho kununua ng'ombe, akaniacha na Akko. Akko ndiyo nyanya kwa Kiborana, na huyu alikuwa mama yake mjomba. Siku ya kwanza alikaa mbele ya mashine amejifunika shuka mbili. Siku ya pili akakunja pua.

"Hii kitu inanuka beberu."

Na kweli ilinuka. Ngozi za mbuzi zilianikwa nje, karibu na ukuta ule.

Sasa, kwetu chombo cha maziwa kikinuka unakifukiza. Unachukua kijinga cha mti wenye harufu nzuri, unakitia ndani, unafunika. Moshi unafukuza uvundo na maziwa yanakaa. Akko alifanya hivyo maisha yake yote na hakuna aliyewahi kuumwa tumbo nyumbani kwake. Kwa hivyo tukafukiza mashine. Mimi ndiye niliyeshika makaa chini yake. Ilivuta moshi wote kama mzee na kiko chake, nikacheka mpaka nikakohoa. Tukaifukiza siku nne.

Siku ya tano, asubuhi, ilikuwa inanguruma lakini upepo hautoki. Nikaweka mkono: kama pumzi ya mgonjwa. Na wakati huohuo dereva mmoja akapita dukani kununua sigara, akasema, "Mjomba wako tumemwacha nyuma kidogo. Saa saba atakuwa hapa."

Ilikuwa saa nne.

Nikafunga duka, nikachukua bisibisi. Nikazima mashine, nikachomoa plagi, nikampa Akko.

"Akko, kalia hii. Mtu yeyote asiirudishe ukutani, hata mimi."

"Nikikalia haitaniuma?"

"Haiwezi. Stima iko kwa ukuta."

Akaikalia, tasbihi mkononi. Nikatoa uso wa mashine. Ndani kulikuwa na barafu. Barafu nyeupe, nene, imeshika mabomba yote, Isiolo, na nje jua linapasua mawe. Nilirudi nyuma nikagonga kitanda. Nilijua kabisa nimeua kitu. Mbele ya barafu kulikuwa na chujio, kama kipande cha chandarua, lakini huwezi kuona upande wa pili. Limejaa vumbi, manyoya ya mbuzi, na juu yake moshi wetu wa siku nne, mweusi, unanata kama lami.

Mwenye akili angeosha chujio akaacha hapo. Mimi nikafungua kibati kingine pembeni, nione kama kuna uchafu zaidi. Kulikuwa na kikopo cha chuma chenye vichwa viwili. Nikakigusa.

Kitu kikanipiga mkono mpaka begani. Bisibisi ikaruka, nikajikuta sakafuni, meno yamegongana, vidole viwili vina alama nyeupe.

"Akko! Plagi!"

Akainuka polepole, akaishika juu nione. "Iko hapa. Imepata joto, lakini ni yangu."

Hapo ndipo nilipoogopa kuogopa kwenyewe. Waya iko chini ya nyanya yangu, na stima bado imenipata. Akko akaanza kusoma dua. Mimi nikasoma naye, zote nilizojua na moja ya kula chakula. Miaka mingi baadaye fundi wa redio aliniambia kikopo kile huweka stima ndani yake hata ukichomoa. Siku ile hakukuwa na wa kuniambia. Nilikuwa na kibati cha kurudisha pale pale karibu na hicho kitu, na nilikirudisha, skurubu moja nikaiangusha mara sita.

Chujio nikaliosha kwa sabuni ya kipande mara tatu. Barafu ikayeyuka, ikamwagika chini, Akko akapanguza. Tulikuwa tumechomeka plagi, naye akishika shati langu kwa nyuma tayari kunivuta, ndipo honi ya lori ikalia.

Mjomba aliingia na vumbi mpaka kwenye kope. Akasimama mbele ya mashine. Ilikuwa inapuliza baridi safi. Akavuta pumzi.

"Mbona inanuka kama chombo cha maziwa?"

Akaona sakafu mbichi, bisibisi, kibati cha pembeni kimekwaruzwa, halafu vidole vyangu. Akanishika mkono akaugeuza.

"Umeingia ndani?"

"Kidogo tu, mjomba."

"Ilikuwa imekufa?"

"Ilikuwa imeziba."

Akakaa kitandani, akaacha upepo umpige usoni muda mrefu. Mimi nilikuwa naliona lori la Sericho mpaka namba zake.

"Sericho huendi," akasema. "Fundi nimempata nyumbani, bure. Kila Ijumaa utaifungua, uisafishe yote. Na hicho kibati cha pembeni pia."

Nikasema asante, mjomba. Moyoni, Mungu ananisikia, nilikuwa naomba ngamia.