Dawa Isiyonuka

Nkuba hakuwahi kusoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa ya kupe. Tangu wazazi wake waswage ng'ombe kutoka Shinyanga hadi mbuga za Usangu, nje ya Rujewa, alipima kwa pua. Alimimina kizibo kwenye ndoo ya maji, akakoroga kwa mkono mtupu, akainama na kunusa. Ikimchoma mpaka machozi, basi imekolea.

"Pua ya kaka ndiyo maabara yetu," mdogo wake Seni aliwatambia majirani. "Wala haitaki umeme!"

Kisha dawa ikaanza kupoa, haichomi tena pua. Mwaka wa kwanza Nkuba aliongeza kizibo kimoja, mwaka wa pili viwili. "Wauza dawa wa mjini wanachakachua, wezi wakubwa!" Akamwagiza na Seni aongeze.

Mwaka huu kidole gumba cha mkono wa kulia kilianza kutetemeka chenyewe, hata akikaa kimya. Binti yake Mbuke, anayeishi mjini, mtaa wa Ilomba, akampeleka kwa daktari wa ubongo, mama mmoja aitwaye Ikupa. Daktari akamtazama akitembea, akamwambia afumbe macho, akamsogezea kahawa puani, halafu karafuu.

"Unasikia harufu gani, mzee wangu?"

"Ya nini? Hujaleta kitu bado."

Mbuke akageukia dirishani.

"Seli ya ubongo haiishi kwa nguvu zake peke yake," daktari alisema taratibu. "Seli jirani huiletea ujumbe. Ujumbe unagusa ukuta wake, halafu unapokezanwa ndani, mkono kwa mkono, mpaka kwenye kiini: usife. Kila siku, usife. Ukikatika, seli inajiua yenyewe. Haipigi kelele, wala huumwi."

"Na dawa ya kupe ninayoinusa kila mwaka?" Nkuba aliuliza.

"Baadhi zinaweza kuvuruga njia hizo. Siwezi kuapa kwamba ndizo zilizokudhuru. Lakini kwa wengi wenye ugonjwa huu wa kutetemeka, harufu hupotea kwanza, miaka kabla mkono haujatetemeka. Wewe ilianza lini?"

Nkuba alifungua mdomo aseme hajui. Akakikumbuka kizibo cha kwanza alichoongeza. Dawa haikuwa imepoa hata siku moja.

Akaomba simu ya Mbuke. Ilimchukua muda kubonyeza namba.

"Seni, mmeshaogesha ng'ombe?"

"Tunamalizia, kaka. Nimeweka vizibo vitatu vya ziada. Safari hii wametuibia kweli, nimeinamia ndoo weee, hainuki kabisa."